Dizeli au petroli, tela la wazi au la boksi: ulinganisho wa ulaji wa mafuta kwa mwenye pikapu

Mfanyabiashara anayepandisha vifaa vya ujenzi kutoka Dar es Salaam hadi Iringa na kurudi na mbao hufika siku akaona bodi ya pikapu yake haimtoshi, na hapo ndipo anapoanza kuulizia bei ya tela. Washauri hawakosekani, na karibu wote huanzia kwenye injini: huyu humwambia asiguse petroli, yule humwambia Land Cruiser ya zamani haishindwi na mlima wowote. Ni wachache watakaomwuliza tela lenyewe litakuwa na umbo gani, na barabara ikifunguka atakanyaga hadi kilomita ngapi kwa saa. Nimeshavuta tela miaka kadhaa katika barabara hiyo, na naamini maswali hayo mawili ndiyo yalipaswa kutangulia, kwa sababu pikapu ya petroli yenye tela zuri na dereva mtulivu inaweza kutumia mafuta machache kuliko pikapu ya dizeli yenye tela baya na dereva mwenye haraka. Dai hilo halithibitiki kwa maneno matupu, kwa hiyo nitaliweka kwenye hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia mwenyewe.

Mfano ninaoutumia ni wa safari ya kilomita 500 hivi, ambao ndio urefu wa Dar es Salaam hadi Iringa, na tela lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo wake. Tela la uzito huo linahitaji breki zake lenyewe. Katika masoko mengi watengenezaji wa magari huweka kilo 750 kuwa mwisho wa tela lisilo na breki, na hicho ni kizingiti cha usalama kabla hakijawa cha mafuta.

Injini nne zinazopatikana

Katika pikapu zinazovuta matela hapa kwetu, nne ndizo zinazorudiwarudiwa katika mazungumzo. Ya kwanza ni Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.4 yenye turbo, yenye nguvu ya kilowati 110 na msokoto (nguvu ya kuzungusha, au torque) wa nyutoni-mita 400 katika toleo la gia sita. Ya pili ni Hilux ya dizeli ya lita 2.8, ambayo tangu maboresho ya mwaka 2020 hutoa kilowati 150 na nyutoni-mita 500 ikiwa na gia otomatiki, au 420 ikiwa na gia za mkono. Ya tatu ni Hilux ya petroli ya lita 2.7 isiyo na turbo, kilowati 122 na nyutoni-mita 245, na msokoto huo wote haupatikani mpaka injini ifike karibu mizunguko 4,000 kwa dakika. Ya nne ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita na isiyo na turbo, ambayo msokoto wake ni nyutoni-mita 285 hivi.

Anayesoma tarakimu hizo kwa haraka huona kilowati 122 za petroli zimezidi kilowati 110 za dizeli ndogo, akadhani petroli itavuta vizuri zaidi. Kinachovuta tela kwa mizunguko ya chini ni msokoto, na hapo dizeli ndogo imeiacha petroli mbali sana. Hesabu ya mafuta inaanzia hapo hapo, kwa sababu injini inayolazimika kulia kwa mizunguko mingi ili ipate nguvu hupoteza sehemu kubwa ya mafuta kwa msuguano wake yenyewe.

Lita moja inafanya kazi kiasi gani

Lita moja ya dizeli hubeba nishati ya megajuli 36 hivi, na lita moja ya petroli hubeba 32 hivi. Injini ya kisasa ya dizeli ikiwa kazini hugeuza walau theluthi moja ya nishati hiyo kuwa kazi ya kusukuma gari, wakati injini ya petroli ya aina tunayoizungumzia hugeuza kiasi cha asilimia 28, na kilichobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi. Kwa makadirio ya jumla, basi, lita ya dizeli inatupatia megajuli 12 za kazi na lita ya petroli inatupatia 9. Hii ina maana kwamba kazi inayofanywa na lita 3 za dizeli huhitaji lita 4 za petroli.

Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kipimo cha kuzisoma ni rahisi: ili petroli ilingane na dizeli katika kuvuta tela, bei yake ingepaswa kuwa robo tatu tu ya bei ya dizeli. Katika matangazo yote niliyoyasoma sijaona pengo la namna hiyo.

Tela la wazi na tela la boksi

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea bila mwenyewe kujua. Tela linalovutwa katika barabara tambarare hupambana na vitu viwili: mkwaruzo wa matairi yake na upepo.

Mkwaruzo wa matairi hutegemea uzito. Kwa kilo 1,500 juu ya matairi yaliyojazwa vizuri katika lami, nguvu inayohitajika ni nyutoni 180 hivi, sawa na megajuli 18 kwa kila kilomita 100, yaani lita moja na nusu ya dizeli au lita 2 za petroli. Ni kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani, na hakibadiliki sana ukienda 80 au 100 kwa saa.

Upepo hauna huruma hiyo. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100 mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tela la wazi, ambalo mzigo wake umepangwa chini ya usawa wa paa la kebini na kufunikwa turubai lililokazwa, hujificha nyuma ya pikapu; upepo uliokwisha kupasuliwa na gari hupita juu yake. Tela la boksi lenye kimo cha mita 2 na zaidi hutokeza juu na pembeni ya gari kama ukuta unaosukumwa barabarani. Nikikadiria kwamba la wazi huongeza kizuizi cha upepo cha mita za mraba 0.4 na la boksi mita za mraba 1.5, upepo peke yake unagharimu hivi kwa kila kilomita 100 za dizeli: tela la wazi lita 1 kwa mwendo wa 80, na lita moja na nusu kwa mwendo wa 100; tela la boksi lita 3.7 kwa mwendo wa 80, na lita 5.8 kwa mwendo wa 100.

Tukirudisha ile lita moja na nusu ya matairi, gharama nzima ya tela lenye uzito ule ule inaanzia lita 2.5 kwa kilomita 100, kwa tela la wazi linalokwenda 80, na kuishia lita 7.3 kwa boksi linalokwenda 100. Katika safari ya kilomita 500 tofauti hiyo ni lita 24, na hapo hatujahesabu kwamba pikapu yenyewe nayo hupambana na upepo mkali zaidi kwa mwendo wa 100. Uzito wa mzigo haujabadilika hata kilo moja.

Boksi lina aibu nyingine inayojitokeza wakati wa kurudi. Mwenye tela la wazi akirudi mtupu huvuta kitu kidogo sana, maana uzito umeondoka na upepo haukuwa tatizo tangu mwanzo. Mwenye boksi akirudi mtupu ameondoa uzito, lakini ule ukuta bado uko palepale na lita 3.7 zake kwa mwendo wa 80 anaendelea kuzilipa. Wapo wanaohitaji boksi kwa haki, hasa wanaobeba vyombo vya umeme, vitambaa au bidhaa za dukani ambazo mvua ya masika au mkono wa mwizi ukizifikia hasara itazidi mafuta ya mwaka mzima. Hao nawashauri boksi fupi, lisilozidi paa la kebini, na ikiwezekana lenye pua iliyochongoka badala ya uso bapa. Kwa mbao, bati, saruji na mabomba sioni sababu ya boksi.

Turubai nalo ni somo. Safari moja nililifunga kwa haraka kwa sababu mvua ilikuwa inanyemelea, na tulipofika katika hifadhi ya Mikumi lilikuwa limejaa upepo likawa kama tumbo la samaki, kamba moja imekwisha kukatika na pembe yake inachapa ubavu wa tela mithili ya bakora. Turubai la namna hiyo limegeuza tela la wazi kuwa boksi, tena boksi linalocheza. Kamba zipite chini ya fremu kila baada ya nusu mita, na pembe ya mbele ndiyo ikazwe kwanza.

Dizeli na petroli zikiwekwa pamoja na tela

Kwa vipimo vya kiwandani, Hilux ya dizeli ya lita 2.8 bila mzigo hutumia karibu lita 8 kwa kilomita 100, na ya petroli ya lita 2.7 kati ya lita 10 na 11. Nikijumlisha gharama ya tela kwa mwendo wa 80, dizeli yenye tela la wazi hufika lita 10.5 na yenye boksi lita 13.2, wakati petroli yenye tela la wazi hufika lita 13.8 na yenye boksi lita 17.5 hivi. Sasa msomaji ayatazame mawili kati ya haya kwa makini: petroli yenye tela la wazi kwa mwendo wa 80 ni lita 13.8, na dizeli yenye boksi kwa mwendo wa 100 ni lita 15.3 kwa uchache. Ndilo dai nililoanza nalo.

Tangi la Hilux huchukua lita 80. Kwa hesabu hiyo dizeli yenye tela la wazi hutembea zaidi ya kilomita 700 kabla ya kukauka, na petroli yenye boksi haifiki 460, maana yake haifiki Iringa bila kusimama kituoni. Land Cruiser 79 huondoka na lita 130, na ndiyo maana wanaoingia maporini huipenda. Lakini injini yake ya 1HZ, ambayo hupuliza dizeli kwanza katika kijumba cha pembeni kabla haijafika kwenye silinda, hupoteza joto zaidi na hula zaidi ya dizeli za kisasa kwa kazi ile ile. Sifa yake iko kwingine: fundi wa Ruaha Mbuyuni anaweza kuifungua chini ya mti akairudisha ikawaka, ilhali nozeli za kisasa, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zikiingiwa na maji au uchafu zinahitaji mashine ya kupimia na fedha ya kutosha kukukosesha usingizi.

Kitonga haili mafuta kwa namna tunavyodhani

Kila dereva wa njia hii huilaumu Kitonga, ule mlima wa kabla ya kufika Iringa. Tukipima, Iringa iko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuliinua tela la kilo 1,500 kimo chote hicho kutoka Dar es Salaam ni kazi ya megajuli 23, ambayo kwa dizeli haifiki lita 2. Ndiyo, barabara hupanda na kushuka mara nyingi kabla ya hapo, na kila bonde unaloliteremka kwa kukanyaga breki hulilipia upya unapopanda upande wa pili, kwa hiyo kiasi halisi ni zaidi ya hapo. Hata hivyo boksi lililovutwa kwa mwendo wa 100 kutoka Chalinze hadi Mikumi limekwisha kula zaidi ya Kitonga kabla mlima haujaonekana.

Kinachotofautisha injini mlimani ni jinsi zinavyoteseka. Chukua pikapu, mizigo na tela, jumla kilo 4,100, juu ya mwinamo wa asilimia 7 kwa mwendo wa 50. Injini inatakiwa kutoa kiasi cha kilowati 55. Kwa mizunguko 2,400, kilowati hizo ni msokoto wa nyutoni-mita 220 hivi. Dizeli ya lita 2.8 hutoa hiyo ikiwa imetumia karibu nusu ya uwezo wake, na ya lita 2.4 inabakiwa na akiba nzuri. Petroli ya lita 2.7 kwa mizunguko hiyo haina akiba ya msokoto, hasa kwa kuwa injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo; dereva hulazimika kushuka gia mbili na kuiacha ipige kelele kwa mizunguko 3,500 na kuendelea. 1HZ nayo haina turbo, kwa hiyo hupanda polepole huku ikitoa moshi mweusi, ingawa hupanda.

Kwa wenye gia otomatiki, tela zito likiwa nyuma gari huhangaika kati ya gia ya juu kabisa na ile ya chini yake, na kila linapobadilisha mafuta ya gia huchemka na nguvu hupotea. Kwenye miinuko izuie gia ya juu kabisa isiingie. Mizunguko itapanda kidogo lakini ulaji hushuka, na gia itakaa miaka zaidi.

Kosa lililonifundisha kupima

Mwaka mmoja niligundua ulaji wangu umepanda ghafla, na nikailaumu injini. Nikabadilisha chujio la hewa na chujio la dizeli, nikataka hata kuzipeleka nozeli. Siku hiyo niliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu nilipitisha mgongo wa mkono kwenye vikombe vya magurudumu ya tela: vitatu vilikuwa vya uvuguvugu, cha nne kilinichoma. Fundi aliyekaza breki za tela wiki mbili kabla alikuwa ameliacha gurudumu moja likiburuta, na nilikuwa nikivuta breki hiyo kilomita mia kadhaa. Tangu hapo mkono wangu hupita kwenye magurudumu yote kila ninaposimama, na upepo wa matairi ya tela naupima asubuhi yakiwa bado ya baridi, kwa sababu tairi laini huongeza mkwaruzo na kujikaanga lenyewe.

Mzigo nao upangwe ili asilimia 10 hivi ya uzito wa tela ikae kwenye mpira wa chuma unaoliunganisha tela na pikapu. Ukirudisha uzito nyuma, tela huyumba na dereva hukanyaga breki bila kukoma. Ukiuzidisha mbele, mgongo wa pikapu hukaa chini na taa huangaza miti.

Kipimo cha ulaji kinachoaminika ni kile cha kujaza tangi hadi nozeli ya pampu ijizime yenyewe, kutembea walau kilomita 300, kujaza tena katika kituo kile kile na pampu ile ile, kisha kugawanya lita kwa kilomita. Kompyuta ya dashibodi hupenda kumfurahisha mwenye gari. Na aliyebadilisha matairi akaweka makubwa zaidi asisahau kwamba kilomita anazozisoma ni pungufu ya alizotembea.

Nani achague nini

Anayevuta tela safari mbili za kwenda na kurudi kila mwezi katika njia hii hutembea kilomita 2,000 akiwa na tela. Kwa tela la wazi, dizeli ya 2.8 itamwokolea lita 66 hivi kila mwezi ikilinganishwa na petroli, na kwa boksi lita 86. Azidishe kwa bei ya mwezi huu, kisha alinganishe na tofauti ya bei ya kununulia gari na gharama za nozeli na turbo kwa miaka anayotaka kukaa nalo. Kwa matumizi hayo mimi ningechukua dizeli bila kusita, na kati ya dizeli mbili ningechukua ya lita 2.4 iwapo tela halizidi kilo 1,500, kwa sababu tofauti ya ulaji ni ndogo na bei ya kununulia huwa nafuu; ya lita 2.8 inalipa pale tela linapokaribia kilo 2,500 au njia inapokuwa ya milima mitupu.

Anayevuta mara moja kwa miezi mitatu, tena kwa safari za Kibaha na Bagamoyo, abaki na petroli yake na asidanganywe. Anayefanya kazi mbali na mafundi wenye mashine aende na 1HZ akijua kwamba analipa mafuta zaidi ili anunue utulivu. Na yule ambaye mzigo wake hujaa mara mbili tu kwa mwaka, kukodi lori dogo la Canter kwa safari hizo mbili ni nafuu kuliko kununua tela, kulikatia bima, na kuliacha uani matairi yakipasuka kwa jua.

Kuhusu mwendo, wanaoharakia 100 huniambia muda ni fedha. Kwa kilomita 500, mwendo wa 80 usiokatika ni saa 6 na dakika 15, na wa 100 ni saa 5; lakini barabara hii ina vijiji vya mwendo wa 50, matuta ya Mikumi na malori ya Kitonga, ambavyo huwasawazisha wote, kwa hiyo saa moja na robo ya kwenye karatasi hubaki nusu saa. Mara nyingi nimewakuta walionipita Mlandizi wamepanga foleni nyuma ya lori lile lile ninalolifuata mimi.